Ngano Iliyomaliza Kazi Mapema

Likizo ndefu ya mwaka wangu wa pili chuoni nilipata kibarua kwenye shamba la majaribio ya ngano, nje kidogo ya Njoro, Kenya. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kati ya vijishamba, kila kimoja kina mistari sita na kibao cha namba, na kukipa alama: kutu (ule ukungu unaoshambulia ngano) kiasi gani, urefu kiasi gani, kimelala au kimesimama, majani yana rangi gani. Nilikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao wa kuandikia, na kiburi cha mtu aliyesoma mihula minne.

Siku moja nikafika kwenye kijishamba kilichokuwa kimegeuka manjano wakati majirani zake wote bado wana kijani cha kupendeza macho. Nikakipa alama ya chini kabisa, na pembeni nikaandika "mgonjwa". Mzee niliyekuwa nafuatana naye, ambaye alianza kazi ile kabla sijazaliwa, alichuma suke moja, akalifikicha viganjani, akapuliza makapi, akaniwekea punje mkononi. "Uma," akasema. Nikauma. Ilikuwa ngumu, imejaa. "Sasa ugonjwa uko wapi, mwanangu? Hii haijaugua. Hii imemaliza kazi."

Nilifuta alama, nikaandika nyingine, tukaendelea. Nilidhani ananifundisha adabu tu. Ilichukua miaka kadhaa nielewe kwamba katika sentensi ile mzee alikuwa amegusa jambo ambalo wataalamu wa jeni za ngano walihangaika nalo miaka mingi: kwamba ubora wa chakula kilichomo ndani ya punje unategemea sana jani linakufa lini.

Tuanzie hapo, maana watu wengi wanadhani punje inapata lishe yake moja kwa moja kutoka udongoni, kama mtoto anayenyonya. Si hivyo. Sehemu kubwa ya naitrojeni inayoishia kwenye punje tayari imo ndani ya majani na shina siku ngano inapochanua. Jani la kijani ni kiwanda, lakini pia ni ghala: limejaa protini zinazonasa hewa ya ukaa na kutengeneza sukari. Wakati ukifika, mmea unakibomoa kiwanda chake wenyewe. Protini zinavunjwavunjwa, vipande vyake vinasafirishwa hadi kwenye suke, na zinki na madini ya chuma vinasafiri humo humo. Umeona mtu anayehama akabomoa nyumba ya mabati, bati moja moja, msumari mmoja mmoja, akaenda kuezeka kwingine? Manjano ya jani ndiyo hiyo. Aliyepita barabarani anaona nyumba inaharibiwa. Mwenye nyumba anajua mabati yanakwenda wapi.

Ila kuna bei. Jani likibomolewa mapema, sukari inakatika mapema, na wanga ndani ya punje unapungua. Likichelewa, wanga unajaa tele, punje inanenepa, lakini protini na madini yaleyale sasa yamesambaa ndani ya punje kubwa zaidi, kama chai ya wageni wengi iliyoongezwa maji. Ndiyo maana kwa miaka mingi wazalishaji wa mbegu wamelalamikia jambo moja: ukipandisha mavuno, protini inashuka, ukipandisha protini, mavuno yanashuka. Wamevuta kamba hii huku na huku hadi mikono ikachubuka.

Mwaka 1906, mtaalamu wa mimea Aaron Aaronsohn alikuta ngano-mwitu ya emeri ikiota yenyewe kwenye miamba karibu na Rosh Pinna, Galilaya. Huyo ni babu wa ngano zetu. Emeri ilifugwa, kisha huko upande wa Bahari ya Kaspi, miaka elfu nane au zaidi iliyopita, ikapandana na nyasi mwitu mmoja, na kizazi chao ndicho ngano ya mkate. Kwa hiyo punje unayosaga leo imebeba urithi wa mimea mitatu kwa mpigo: kromosomu 42, yaani vifurushi 42 vya jeni, na maandishi ya jeni marefu kuliko ya binadamu kama mara tano. Ramani yake kamili ilitolewa mwaka 2018 tu, miaka mingi baada ya ile ya binadamu, kwa sababu kila ukurasa una ndugu zake wawili wanaofanana naye mno.

Ngano-mwitu ina punje nyembamba zisizovutia, lakini baadhi yake zina protini nyingi ajabu. Watafiti wa North Dakota, Marekani, walifanya kazi ya subira: walichukua kromosomu za emeri mwitu moja baada ya nyingine, wakaziingiza ndani ya ngano ya makaroni iitwayo Langdon, wakapima. Kromosomu iliyopandisha protini ilikuwa ile inayoitwa 6B. Kipande hicho kikapewa jina Gpc-B1. Kilikuwa kinaongeza kama gramu 10 hadi 15 za protini katika kila kilo ya ngano. Lakini ndani ya kipande kile mlikuwa na nini hasa? Jibu lilikuja mwaka 2006, katika jarida la Science, kutoka kwa kundi la Jorge Dubcovsky wa Davis, California, na Tzion Fahima wa Haifa. Aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi alikuwa Cristobal Uauy, wakati huo bado kijana masomoni.

Jeni waliyoipata, NAM-B1, haitengenezi protini ya akiba. Haibebi zinki wala chuma. Ni jeni ya amri. Kazi yake ni kuziamsha jeni nyingine na kuwaambia majani: fungeni virago. Ngano yenye jeni hiyo ikiwa nzima hugeuka manjano siku chache mapema, na punje zake hupata protini zaidi, zinki zaidi, chuma zaidi, vyote pamoja. Kisha wakafanya jaribio la kinyume: wakaizima jeni hiyo pamoja na ndugu zake. Majani yakakaa kijani zaidi ya wiki tatu kupita kawaida. Wangeniletea mimi na ubao wangu, ningewapa alama ya juu kabisa. Protini, zinki na chuma kwenye punje zilishuka kwa zaidi ya asilimia 30.

Na hapa ndipo nilipomkumbuka yule mzee.

Katika ngano nyingi tunazolima, jeni hii ni mbovu au haipo kabisa. Kwenye ngano ya makaroni, herufi moja imejipenyeza mahali pasipo pake. Jeni husomwa herufi tatu tatu, lakini kwa Kiswahili ni rahisi kuonyesha kwa nne nne. Andika BABA KULA NAZI TAMU. Sasa chomeka S moja baada ya herufi ya pili, na usome tena nne nne: BASB AKUL ANAZ ITAM U. Hakuna neno lililofutwa, ila hakuna tena mtu anayekula wala nazi ya kuliwa. Kwenye ngano nyingi za mkate, mambo ni mabaya zaidi: ukurasa mzima umechanwa. Ngano haikufa kwa hilo, kwa sababu ndugu za jeni hiyo kwenye urithi mwingine wanaendelea kutoa amri, polepole kidogo. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na babu watatu.

Kwa nini ilipotea? Nadhani wakulima wa kale walikuwa kama mimi. Walipenda shamba linalokaa kijani, walipenda punje nene, na msimu baada ya msimu wakachagua kwa macho. Protini haionekani kwa macho. Zinki ndiyo kabisa.

Lakini haikupotea kila mahali, na kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Watafiti wa Uswidi walipekua mbegu za zamani, zikiwemo zile zilizopelekwa kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1862 na kuhifadhiwa tangu hapo. Humo wakaikuta jeni ikiwa nzima. Wakaikuta pia kwenye ngano za asili za huko kaskazini ya mbali, Uswidi na majirani zake. Kwa nini huko? Kwa sababu kiangazi chao ni kifupi. Ngano isiyomaliza kazi mapema inakutwa na baridi bado mbichi. Mkulima wa kule hakujua habari za protini. Alikuwa anakimbizana na kalenda, na jeni ikapona kwa kujificha nyuma ya haraka yake.

Shikilia hapo, nitarudi.

Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba liitwalo Broadbalk ambalo limepandwa ngano karibu kila mwaka tangu 1843, na punje za kila msimu zimehifadhiwa. Fikiria stoo yenye mavuno ya zaidi ya miaka 150, kila mwaka na chombo chake. Mwaka 2008 watafiti walichapisha vipimo vya madini vya punje hizo. Zinki, chuma, shaba na magnesi vilikaa pale pale kutoka miaka ya 1840 mpaka katikati ya miaka ya 1960. Kisha vikaanza kushuka. Udongo haukuwa umechoka. Madini yalikuwemo bado. Kilichobadilika ni mbegu: ndio wakati ngano fupi zilipoingia, zile zenye jeni za ufupi kutoka ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10, ambazo mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug alizitumia Mexico kuzalisha ngano zilizolisha India na Pakistan. Shina fupi, punje nyingi, madini yaleyale kugawanywa kwa walaji wengi zaidi.

Sitaki nionekane namsema Borlaug. Njaa ni njaa, na mtu anayefariki leo kwa kukosa ngano hawezi kuulizwa habari za zinki. Tena Borlaug tunamjua Njoro. Alikuja mwaka 2005, mzee wa miaka zaidi ya 90, kuangalia masuke yaliyoliwa na kutu ya shina, ile aina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina Ug99. Kutu hiyo ilikuwa imeivunja kinga iitwayo Sr31, ambayo ngano nyingi za dunia ziliitegemea. Tangu hapo, maelfu ya mbegu kutoka kila kona ya dunia huletwa Njoro kila msimu zikaumwe na kutu yetu, ijulikane ipi itastahimili. Kwa hiyo ukiishi hapa unaelewa haraka mpangilio wa mambo: kwanza ngano ipone, pili izae, tatu mkate uumuke. Lishe inakuja ya nne, kama inakuja.

Sasa tuseme tumefaulu. Tumerudisha jeni, punje imejaa zinki. Imefika kwa mlaji?

Mama yangu anapika chapati za kuuza. Unga wake ni mweupe, ule laini unaovutika bila kukatika. Niliwahi kumletea atta, unga wa ngano nzima, nikiwa nimetoka kusoma mambo haya, nikamhubiria nusu saa. Akakanda, akapika, akaniwekea mezani. Chapati zilikuwa ngumu kidogo, zina rangi ya udongo. Akauliza, "Hizi nitamuuzia nani?" Siku ile wateja walinijibu wao wenyewe.

Kiwandani, kilo 100 za ngano hutoa unga mweupe kama kilo 75. Robo inayobaki ni pumba na kiinitete, na humo ndimo madini mengi ya punje yamejikusanya, maana mmea huyaweka kwenye tabaka la nje na kwenye kiinitete, tayari kwa mche utakaoota. Pumba hizo zinauzwa kuwa chakula cha mifugo. Ndugu yangu ana ng'ombe watatu wa maziwa, na magunia ya pumba yako ukutani. Kuna jioni nilisimama pale zizini nikamtazama ng'ombe wake mweusi anavyotafuna, nikafikiria wataalamu wa mabara mawili, miaka thelathini ya kazi, na nikaona ni yeye anayefaidi. Halafu sheria ya Kenya, tangu 2012, inawataka wenye viwanda waongeze zinki na chuma kwenye unga uliokwisha kusagwa. Tunatoa kwa mlangoni, tunarudisha kwa dirishani. Sibezi, dirisha hilo linaokoa watu. Ila ni vituko.

Lakini nisikimbilie kumlaumu mwenye kiwanda, maana atta nayo ina siri yake. Mwaka 1958 daktari mmoja kutoka India aliyesomea Marekani, Ananda Prasad, alifika Shiraz, Iran. Akaletewa mgonjwa wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10: hajabalehe, damu imepungua, mwili umedumaa. Chakula chake kilikuwa karibu mkate tupu wa ngano nzima usio na hamira, na alikuwa akila udongo. Prasad aliandika habari za wagonjwa wa aina hiyo mwaka 1961, kisha akafanya uchunguzi zaidi Misri, na huko ndiko ilikothibitika kwamba tatizo ni ukosefu wa zinki. Mpaka wakati huo wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki.

Nikisoma kisa hicho nilifikiria wanawake sokoni kwetu wanaonunua odowa, yale mawe laini ya kutafuna, wakitaniana kwamba mtoto tumboni ndiye anayeitaka.

Ngano nzima, imejaa zinki, na bado mtu amedumaa. Imekuwaje? Ndani ya lile tabaka la nje, pamoja na zinki, kuna kitu kiitwacho fitati. Ni akiba ya fosforasi ya mbegu, na ina mikono mingi: inayashika madini na haiyaachii, na tumbo la binadamu halina nguvu ya kutosha kuyapokonya. Zinki inaingia kinywani na kutoka ilivyoingia. Hamira husaidia, kwa sababu unga ukiumuka taratibu, vimeng'enya vya ngano yenyewe vinapata nafasi ya kuivunja fitati. Mkate uliolala ukaumuka una afadhali. Chapati, ambayo inakandwa, inapumzishwa nusu saa na kurushwa kwenye kikaango, haitoi nafasi hiyo.

Kwa hiyo mtaalamu wa jeni ana kazi mbili, si moja: kupandisha zinki na kushusha fitati. Ngano zenye fitati pungufu zimepatikana, kwa njia ya mabadiliko ya jeni yaliyochaguliwa maabara. Shida ni kwamba mbegu inaihitaji fosforasi hiyo ili ichipue, na mara nyingi ngano za namna hii zinazaa kidogo. Ukivuta shuka kichwani, miguu inabaki nje.

Wengine wameamua kupita njia nyingine kabisa: badala ya kuongeza madini kwenye pumba, wayapeleke katikati, kwenye sehemu inayokuwa unga mweupe. Mwaka 2017 watafiti wa John Innes Centre, Uingereza, walichukua jeni ya ngano yenyewe inayobeba chuma, TaVIT2, wakaipa amri ifanye kazi ndani ya moyo wa punje. Chuma kwenye unga mweupe kikaongezeka mara mbili. Huo ni uhandisi wa jeni, na kwetu neno hilo pekee linatosha kuwasha moto redioni asubuhi nzima. Mimi binafsi siogopi jeni ya ngano ndani ya ngano. Lakini naelewa mtu anayeuliza nani ataimiliki mbegu.

Njia ambayo imekwenda mbali zaidi haina maajabu hata kidogo. Ni kupandisha, kuchagua, kupima, kupandisha tena. CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano huko Mexico, pamoja na HarvestPlus, mpango wa kuongeza lishe kwenye mazao, walipandisha ngano za kisasa na ndugu zake wa mwituni na wa kale, wakitafuta zinki. Na zinki haina jeni moja kubwa kama ilivyo Gpc-B1. Ni vijisehemu vingi kwenye kromosomu mbalimbali, kila kimoja kinasukuma kidogo. Lengo waliloweka ni kutoka miligramu kama 25 kwa kilo hadi 37. Pakistan ilitoa Zincol-2016, halafu Akbar-2019. Ya pili ndiyo iliyosambaa kwa kasi mashambani Punjab. Unajua kwa nini? Inazaa sana na inastahimili kutu. Zinki ilikuwa abiria tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wenzangu wa lishe, wanaoamini kwamba tukiwaelimisha watu vya kutosha watadai ngano yenye zinki. Wanatoa mfano wa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo Robert Mwanga wa Uganda alivishughulikia hadi akapata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu. Ni mfano mzuri, lakini kiazi kile kina kitu ambacho ngano haina: kinaonekana. Mama anakikata na kuona rangi, mtoto anapenda rangi, mwenye kibanda anapaka kibanda chake rangi ileile. Ngano yenye zinki nyingi na ngano isiyo nayo ni mapacha. Ukizichanganya gunia moja, hakuna jicho litakalozitenganisha. Kitu kisichoonekana hakiuziki. Kinachoweza ni kupanda gari la mwenzake.

Wakanada waliliona hilo bila kulitangaza. Wana ngano iitwayo Lillian, ambayo shina lake limejaa ndani badala ya kuwa na tundu, kwa hiyo mdudu anayekata mashina ya ngano kutoka ndani anashindwa. Wakulima wa nyanda zao waliipokea kwa ajili ya shina. Ndani yake mna Gpc-B1. Na kule, tofauti na kwetu, protini ina bei yake: ikipanda, mkulima analipwa zaidi. Kwetu bei ni ya gunia la kilo 90, basi.

Mwishoni mwa msimu uliopita nilikwenda Mau Narok kumsalimia mjomba. Analima ekari kumi na mbili, nusu yake za kukodi. Huko juu usiku hauna mzaha. Tulikaa jikoni kando ya moto, yeye kajifunika blanketi la mistari, nami nikamweleza habari za jeni iliyopotea. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa subira.

"Inatoa magunia mangapi?"

Nikamwambia ikiwekwa kwenye mbegu nzuri inatoa karibu sawa na za kawaida, wakati mwingine pungufu kidogo.

"Na mwenye kiwanda ataniongezea ngapi kwa hiyo zinki?"

"Hata shilingi, mjomba."

Akacheka, akasukuma kuni. Nami nikatoa karata yangu ya pili. Kando kabisa ya Gpc-B1, kwenye kromosomu ileile, emeri mwitu ilikuwa na jeni nyingine, Yr36, ambayo ni kinga ya kutu ya manjano. Ziko jirani kiasi kwamba ukivuta moja ni rahisi kuja na nyingine. Mjomba akanyoosha mgongo. Kutu ya manjano anaijua kwa jina na kwa risiti za dawa. Kuna misimu anapiga dawa mara mbili na bado majani yanabaki na vumbi lile la manjano linaloshika kwenye suruali. Akataka kujua inapatikana wapi.

Ilibidi nimwambie ukweli wote. Yr36 inafanya kazi vizuri kwenye joto, nyuzi 25 na kuendelea. Kwenye baridi inasinzia. Akalitazama blanketi lake, akanitazama mimi.

"Basi hiyo wapelekee watu wa Lamu."

Tukacheka mpaka shangazi akaja kuuliza kuna nini. Tukanywa chai. Nilidhani mazungumzo yameishia hapo, nikaanza kuulizia bei ya kukodi shamba. Lakini mjomba alikuwa bado anachezea kijiti chake motoni.

"Umesema hiyo ngano inageuka manjano mapema?"

"Ndiyo. Inamaliza kazi kabla ya wenzake."

"Mapema kwa kiasi gani?"

"Siku chache tu."

Akanyamaza. Msimu ule, nilikuja kujua baadaye usiku ule, alikaa siku tatu akisubiri zamu yake ya kombaini, ngano ikiwa imekauka, na siku ya tatu mvua ikanyesha. Iliponyesha hadi wiki nyingine, punje zikaanza kuota zikiwa bado sukeni, na nusu ya magunia yakaenda kwa bei ya chakula cha kuku.

"Mpwa wangu," akasema, "hebu rudia hapo kwenye siku chache."